Gego la Mseti na Nyuki Wasiokuwepo

Nyangi wa Susuni alikuwa mwanamke wa kukumbuka. Ukimwambia neno leo, mwaka kesho anakurudishia vilevile, na kukueleza ulikuwa umekaa upande gani wa moto. Shule ya misheni aliishia darasa la pili, lakini ng'ombe wote wa mji wao aliwajua mpaka bibi zao. Ndiyo maana siku ile ya mwaka 1956, mumewe Mseti alipong'olewa gego la mwisho kabisa, lile linaloota mtu akishakuwa mtu mzima, Method, dresa wa zahanati, hakumpa mgonjwa maagizo. Alimpa Nyangi.

"Mama, siku mbili za kwanza mkande shavu kwa kitambaa cha maji baridi. Kuanzia ya tatu, maji ya uvuguvugu. Asukutue kwa maji ya chumvi, ila asiteme kwa nguvu. Alale kichwa kikiwa juu, ale vilaini vilivyopoa. Na wiki nzima asifyonze kitu kwa mrija! Damu iliyoganda kwenye shimo ndiyo kifuniko cha kidonda. Akifyonza, kifuniko kinatoka, na hapo atalililia hilo jino."

"Mimi sisahau," Nyangi akajibu, kama mtu aliyetukanwa.

Njiani Mseti, shavu limevimba kama boga, akamshika mkono. "Mama Boke, watu wasijue. Mimi nilitahiriwa bila kupepesa jicho. Leo waambiwe nimelalama kwa jino? Sema ni nyuki."

"Nyuki wa wapi, baba Boke?"

"Nyuki tu!"

Siku ya pili jicho moja lilizama kabisa. Nyangi akakanda kwa maji ya mtungini, akamponda viazi, akamwegemeza usiku kwenye ngozi iliyokunjwa. Akisikia njaa ya ugali mkavu, anaoneshwa uji. Kufika siku ya nne, boga lilikuwa limekuwa limau, na Nyangi alijiona dresa mwenyewe.

Lakini siku ya nne ndiyo siku ya wakwe. Walikuwa wanatoka Busawe kunywa pombe ya kufunga maneno ya ndoa ya Boke na kijana wao Nashoni. Na desturi ilikuwa moja: baba wa binti na baba wa kijana wanatia mirija yao katika chungu kimoja, wanafyonza pamoja. Asiyefyonza amekataa. Boke, aliyekwisha kukataa wachumba wawili kwa ajili ya huyo Nashoni, alifagia uwanja ule ule mara tatu tangu asubuhi.

Wakaingia. Mbele walikuwa Kisyeri, baba wa kijana, na kaka yake, mzee Hezekia. Boke akapiga magoti, "Shikamooni," sauti haisikiki.

"Marahaba, mwanangu," Kisyeri akaitika, akamgeukia Mseti. "Mkwe, shavu lina nini?"

"Nyuki," Mseti akasema kwa upande mmoja wa mdomo.

"Nyuki!" Hezekia akasogeza kigoda. "Kumbe leo tunakula asali! Mama Boke, fungu langu niwekee kwenye jani."

Nyangi akakimbilia nyuma ya jiko, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, unacheka nini? Wanangoja!"

"Namcheka baba yako na mzinga wake."

Chungu kikaletwa kikifuka mvuke. Kisyeri akatia mrija wake. Mseti akatia wake, akamtazama mkewe kwa jicho la mbuzi aliyefungwa. Kicheko kikamwisha Nyangi. Akifyonza, kidonda. Asipofyonza, Boke. Mseti, mwanaume wa watu, akainamisha kichwa; mrija ulipogusa mdomo, Nyangi alikuwa ameshaushika.

Mwanamke kushika mrija wa mzee mbele ya wakwe!

"Mnatunyima mtoto?" Hezekia akauliza.

"Mtoto simnyimi mtu. Nanyima mrija." Akafungua pindo la shuka yake, akaweka kiganjani gego lenye mizizi mitatu, nene kama ukwato wa mwanambuzi. "Nyuki ndiye huyu."

Wazee wakaliinamia. Wakalipokezana. Kisyeri akaguna. "Hili limetoka kwenye mdomo wa mtu? Na hakupepesa jicho?"

"Hakupepesa," Nyangi akasema. "Alikuwa ameyafumba yote mawili."

Kicheko kilichopasuka hapo! Mseti mwenyewe alicheka kwa nusu ya uso, ameshika shavu, "Msinichekeshe, jamani, naumia!" Nyangi hakungoja wanyamaze. Alileta kibuyu cha uji uliochacha, umepoa vizuri. "Wimbi la uji huu na la pombe limetoka shamba moja, nimelisaga mimi kwenye jiwe moja. Mume wangu atakunywa huu, bila mrija."

Kisyeri akakitazama kibuyu. Akachomoa mrija wake chunguni, akauweka chini. Akanywa uji yeye kwanza, mkupuo mrefu, sharubu zikapakaa uji, akampa Mseti. Mseti akanywa, nusu ikaingia, nusu ikashuka kidevuni. Na kabla mtu hajasema neno, kigelegele kikatoka jikoni: Boke, bibi harusi mwenyewe, anajipigia! Mama yake hakuwa amewahi kuona aibu tamu kama ile.

"Sawa, tumekubaliana," akasema Hezekia. "Asali je?"

Mwezi uliofuata Boke alipopelekwa Busawe, juu ya mizigo yake palikuwa na kibuyu kidogo cha asali ambacho Nyangi alikitafuta mpaka Nyambureti. Mzee Hezekia alikipokea kwa mikono miwili.