Mkono wa Birindwa

Habari ya Birindwa naiandika mwenyewe, kwa sababu wanaoisimulia hapa mtaani kwetu Buterere siku ile walikuwa chini ya vitanda.

Alikuwa mpangaji wangu, mkimbizi kutoka Bukavu, mchoraji wa milima. Vita vilikuwa vimekolea. Mabomu ya waasi yalishuka mjini kutoka milimani, na sisi sote tuliipa milima mgongo. Yeye aliifuata. Asubuhi, kuferfi, ile amri ya kutotoka usiku, ikiisha tu, alibeba ubao wake hadi kwenye tuta la mashamba ya mpunga.

"Chorea ndani," nilimwambia. "Mulima si umeshauona?"

"Mama, ndani mlima unakufa. Rangi yake haikungojei."

Basi upepo ulimwangushia ubao, wadudu wakanasa kwenye rangi mbichi, akawachokoa kwa kisu huku akiwatukana kwa Kishi, lugha ya kwao.

Kilichonitisha ni mkono. Kabla ya kuchora aliunyoosha mbele, brosi ya rangi wima, akafumba jicho moja, akipima mlima.

"Unakuwa kama mutu analenga bunduki!"

"Ni brosi, mama."

"Mi najua. Risasi itajua?"

Siku ile nilikuwa napalilia karibu naye. Askari wakatokea barabarani, nyuma yake. Mkono ulikuwa umenyooka.

"Shusha mukono!"

Upepo wa asubuhi unatoka milimani kwenda ziwani. Sauti yao ukawarudishia wenyewe. Birindwa hakugeuka. Nikasikia bunduki ikikokiwa. Mkojo ulinitoka, na asinicheke mtu. Nikaingia kwenye matope.

"Mukecuru, we bibi, toka hapo!"

"Sitoki! Ni mupangaji yangu! Anapima mulima!"

"Anaupimia nani?"

Nikajua nimeharibu. Nikamrukia Birindwa, nikaukamata ule mkono, nikaubana kifuani kwangu.

"Mama! Mwangaza unapita!"

"Roho yako ndiyo inapita, mujinga we!"

Walikuja. Mkubwa wao aliinama juu ya ubao, akatafuta kwa kidole kama kwenye ramani. Sisi tulitazama kidole chake.

"Njia iko wapi? Nyumba ziko wapi?"

"Ukungu umefunika, afande," alisema Birindwa kwa sauti ndogo. "Nachora ninachoona."

Askari alitazama mlima, akatazama ubao, akatazama mlima tena. Kweli, ulikuwa ukungu mtupu. Akagusa rangi, akajifutia kidole kwenye shati la Birindwa.

"Muende."

Usiku sikulala. Alfajiri nikamsikia anafunga ubao wake. Ningeweza kumfungia mlango. Nikachukua kigoda.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kwenye shamba langu. We unaniuliza?"

Tangu hapo, kila aliponyoosha mkono nilisimama nyuma yake, ili walio barabarani wauone kwanza mgongo wa kizee. Hofu haikunitoka hata siku moja. Kila pikipiki iliponguruma nilimsogelea zaidi. Lakini mgongo ukiwa barabarani, macho yanabaki mlimani. Asubuhi moja mlima ulianza wa zambarau. Kisha pembeni ukapata wekundu kama matamvua ya samaki, na Birindwa akachora haraka, na mimi nikamwambia afanye upesi, mwangaza unapita.