Yuko Khoudh

Nyumbani kwetu Maskati, jina la mtaa hutosha kutaja kilichomo. Bibi akisema "Mawaleh", anakusudia soko la mboga, ingawa soko lenyewe lilishahamishwa. Na mtu akisema "Mwanangu yuko Khoudh", hakuna anayeuliza nyumba gani. Maana yake anasoma chuo kikuu.

Mimi niko Khoudh. Nyumba yetu iko huko, na mabasi ya chuo hupita chini ya dirisha langu kila asubuhi. Chuo hakikunichukua. Kazi ya kutafsiri nimejifundisha peke yangu, chumbani, na neno moja likikaa vibaya nashindwa hata kula.

Walipokuja wanawake wa upande wa kijana aliyetaka kuniposa, mama aliwamiminia kahawa, akasema, "Huyu yuko Khoudh." Mama wa yule kijana akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Mashaallah. Mwaka wa ngapi?"

Mama alinifinya paja. Kijana nilikuwa namtaka. Tulishazungumza kwenye simu, na sauti yake ilinituliza huu moyo wangu unaokwenda mbio bila sababu. Ningesema "wa tatu" posa ingepita. Lakini neno lilikuwa limekaa vibaya, na mimi siwezi.

"Nnakaa Khoudh, khalti. Sisomi Khoudh."

Akaweka kikombe chini. "Kumbe Khoudh ya kulala." Akamgeukia mama. "Sisi tuliambiwa Khoudh."

"Nlisema yuko," mama akajibu. "Nlisema anasoma?"

Halwa haikuguswa. Kesho yake wakapiga simu kusema kijana hajawa tayari kuoa. Mama alipokata simu alinitazama kama anayetazama sahani iliyovunjwa na mgeni.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa akimenya vitunguu. Hakuinua kichwa.

"Basi mwali wetu ndiyo hivyo. Khoudh hayumo, na Mawaleh soko hana."

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Bibi, ambaye hasikii vizuri, akauliza kimesemwa nini, na shangazi akamrudia kwa sauti kubwa, taratibu, neno kwa neno. Bibi naye akacheka mpaka akafuta machozi kwa mtandio.

Mimi nilikuwa naigeuza sentensi ile kwa Kiarabu kichwani, natafuta pa kuisahihisha. Haikuwa na kosa.