Goti la Asumani Fundi

Siku hiyo bado naikumbuka, mwanangu, wewe unayetaka kufundisha yoga. Ilikuwa Kisangani, enzi za Zaire, tulipokuwa tukiitana citoyen, yaani raia, na tai zimepigwa marufuku. Nilikuwa nimemaliza shule ya jioni, na cheti changu nilikitundika juu sana ukutani, hata wageni wakikitazama shingo ziliwauma. Yoga niliijua kwa kitabu kimoja cha Kifaransa chenye picha. Nilikisoma mara elfu, au tuseme mara tatu. Kisha nikafungua darasa Simi-Simi, karibu na uwanja wa zamani wa ndege.

Mmoja wa wanafunzi wangu alikuwa Asumani, fundi wa kushona abakosti, yale makoti ya enzi hizo yasiyovaliwa tai. Aliketi mkekani amekunja miguu, lakini goti lake la kulia lilibaki juu. Kwenye picha magoti yote mawili yaligusa chini. Basi nikaweka mikono juu ya goti lile, nikakandamiza.

"Mwalimu, inauma," akasema.

"Citoyen, pumua tu."

Nikaongeza uzito. Goti likalia, na naapa mlio ule ulifika Isangi, mbali huko mtoni. Kesho yake lilikuwa limevimba kama papai, Asumani hawezi kukanyaga cherehani, na ofisi nzima ya chama inangoja abakosti zake kwa gwaride.

Mjomba wake, Tonton Saidi, muuguzi mstaafu, akaniita. Kiti sikupewa.

"Weye mutoto, goti iko inafanya kazi gani?"

"Inazunguka, Tonton."

"Bon. Twende kwa muchinja mbuzi."

Sokoni akaomba mguu mzima wa nyuma. Akakunja goti, akalinyoosha, kama mlango. Akajaribu kulizungusha, likakataa. Kisha akashika mfupa wa paja pale unapoingia nyongani, nao ukazunguka kama mchi kwenye kinu.

"Hapa njo kunazunguka, ni hapa. Kama hapa kumekaza na weye unasukuma goti, goti njo inalipa. Ile picha uliangalia sana. Mutu aliyekuambia inauma, ulimuangalia?"

Mimi mwenye cheti nikaushika mfupa ule, nikauzungusha mwenyewe.

Adhabu yangu ilikuwa kuwa mguu wa Asumani mpaka apone. Wiki tatu nilikaa naye kwenye benchi moja, mimi nakanyaga, yeye anaongoza kitambaa.

"Polepole, mwalimu. Tunashona ao unakimbia polisi?"

Jioni Tonton alinishikisha miguu yangu mwenyewe, mfupa kwa mfupa, niutaje na niseme unaelekea wapi. Abakosti ya mwisho tuliimaliza siku moja kabla ya gwaride. Mapaja yangu yalikuwa mazito kama ya kiboko.

Asumani alirudi darasani. Akaketi, goti juu kama zamani. Nikakunja blanketi, nikaliweka chini ya goti.

"Inauma?"

"Hapana." Akawageukia wenzake. "Leo mwalimu ameuliza."

Walicheka sana, nami nikacheka nao.

Kwa hiyo, mwanangu, usiguse kiungo ambacho hujui kinavyosogea. Jifunze mifupa, kwa vitabu, kwa mbuzi, kwa miguu yako mwenyewe. Na ukishajua, bado muulize mwenye mwili, maana kwenye picha hakuna anayeumia. Mungu aibariki mikono yako, na kila atakayelala kwenye mkeka wako ainuke, aende nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.