Programu Iliyoaga Kama Mkwe

Jambo hili lote lilinigharimu mtamba mmoja mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni, na rafiki mmoja aliyesimama upande wangu siku nafunga ndoa. Nimehesabu mara mbili. Mtamba ndiye aliyeniuma kwanza. Rafiki anauma mpaka leo.

Tulikuwa na ubia, mimi na rafiki huyo. Kituo kimoja cha kununulia pamba, upande wa Kasoli, kilitupa kazi ya kuunganisha mizani na kompyuta. Mimi niliandika programu, mwenzangu akakaa nayo kituoni. Mkulima akipima, uzito unakwenda ofisi ya mjini na yeye anapata ujumbe kwenye simu. Ujumbe ndiyo stakabadhi. Bila huo, alichokileta ni maneno.

Mtandao wa kule unakuja ukipenda. Kwa hiyo programu niliifundisha isisimame kungoja ujumbe mmoja ufike ndipo ipokee mzigo mwingine. Inautuma, inauacha njiani, inamgeukia anayefuata. Uzuri wake foleni haikwami. Ubaya wake, huwezi kuizima ghafla kama taa, maana vyote vilivyoko njiani vimeshikwa na programu yenyewe, havijaandikwa popote.

Ndiyo maana nilihangaika sana na ishara. Mfumo wa kompyuta ukitaka programu iondoke, huipa ishara. Ipo ya kistaarabu, ya kuomba. Programu inaisikia, na mwandishi anaamua ifanye nini. Yangu haikukurupuka, iliweka alama tu kwamba tumeambiwa tufunge, ikaendelea na mzunguko wake. Mzunguko ukiiona alama unafunga mlango wa mizani, unasubiri kila kilichoko njiani kifike, halafu ndipo unazima. Ipo na ishara ya tisa. Hiyo haiombi. Programu haiisikii hata kidogo. Inachinjwa na mfumo wenyewe, na vilivyokuwa njiani vinakufa nayo. Mwenzangu nilimfundisha zote mbili. Ya tisa nikamwambia ni ya siku kompyuta imeganda kabisa, kama panga la nyuma ya mlango: lipo, hatulichezei.

Msimu ukaanza, na malalamiko yakaanza. Ajabu yake, waliolalamika ni wa mwisho wa foleni peke yao, wale wanaotoka mbali na mkokoteni wa ng'ombe. Shangazi yangu anatoka Sapiwi. Alipima jioni, pamba ikamwagwa kwenye lundo la wote, ujumbe haukuja. Kwenye orodha ya ofisi ya mjini hayumo.

Akaja kwangu, akakaa, tukasalimiana Kisukuma.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, shangazi."

"Nimekuja kuuliza aliyekula pamba yangu."

"Labda ni kompyuta, shangazi."

"Kompyuta inakula pamba?"

"Hapana."

"Basi tumebaki wawili, mimi na wewe. Mimi sijala."

Nikamtolea ndama dume. Akamtazama kama mtu aliyeonyeshwa paka. "Huyo atanizalia nini?" Nikaongeza mbuzi. Akakohoa. Tukaenda hivyo mpaka jua likageuka, akaondoka na mtamba. Mbuzi akamwacha, hakuja kunifilisi, alisema. Ila mlangoni akageuka: "Nimepokea ng'ombe. Sijasema nimekuamini."

Nikarudi kwenye programu. Nilisoma sehemu ya ishara mstari kwa mstari, nikairudia. Nikaijaribu mezani: nikaijaza jumbe nyingi, nikazichelewesha makusudi, kisha nikaipa ile ishara ya kistaarabu katikati ya kazi. Zikafika zote. Mwenzangu alikuwa akiniletea soda ya baridi, ananipiga bega: "Tafuta vizuri, kaka. Lazima ni hapo hapo kwenye ishara zako." Kwenye mkutano wa wakulima alisimama karibu yangu nilipokuwa naomba radhi. Alitikisa kichwa kwa huzuni. Kichwa kile kingefaa msibani.

Siku moja nikapeleka waya mpya wa mizani, nikakuta anafunga kituo. Akagusa alama ndogo pembeni ya kioo, na programu ikatoweka papo hapo. Yangu haijawahi kutoweka papo hapo. Huwa inasema kwanza, "Nasubiri."

"Hiyo ni nini?"

"Njia ya mkato ya kufungia."

"Inatuma ishara gani?"

Akaanza kupangusa mizani iliyokuwa safi.

"Kaka, na wewe nawe. Programu yako inaaga kama mkwe. Inasimama, inakaa, inasimama tena, nasubiri, nasubiri! Na mimi bodaboda inaniungurumia hapo nje."

"Ya tisa?"

"Ya tisa. Lakini si kila siku."

"Tangu lini?"

"Tangu tufungue msimu."

"Na zile soda?"

"Soda zilikuwa za moyo mweupe kabisa."

Nikamwambia twende Sapiwi akaseme mbele ya shangazi. Akakataa. Akaniambia atanirudishia mtamba, mzuri kuliko yule, hata kesho yake asubuhi nikikubali, mradi shangazi asijue. Nikajaribu kumpandisha: sitaki mtamba mzuri, nipe wa kawaida na neno moja kwa shangazi. Kwenye mtamba alilegea mpaka akaongeza na ndama juu yake. Kwenye neno akagoma.

Na bila yeye sina shahidi. Programu iliyopigwa ishara ya tisa haipati hata nafasi ya kuandika kwamba imeuawa. Nikienda peke yangu, shangazi ataniambia kwanza niliisingizia kompyuta, sasa namsingizia mwenzangu.

Yule mtamba wangu amezaa huko Sapiwi, ndama jike. Habari nimezipata kwa wapita njia. Shangazi mwenyewe haji. Kwa hiyo naomba ushauri, hasa kwenu mliowahi kufuga na mliowahi kuwa na mbia: nipokee ng'ombe wawili nibaki mwizi kwa dada wa baba yangu, au niwaache ng'ombe niende Sapiwi mikono mitupu, na nikifika nianze kusema nini?