Paa la Pikapu Yetu

Mwezi uliopita daktari mmoja wa meno huko Kimumu, mpenzi wa magari ya zamani, alinipigia simu nimpeleke baba akaone pikapu yetu. Ile ndogo nyeupe, niliyomuuzia mimi mwenyewe nilipomhamishia baba kwangu Kiplombe. Ilikuwa imekaa miaka nyuma ya duka letu la kijijini, kuku wanatagia ndani. "Hizi zimekuwa klasiki sasa, Mama," akaniambia. "Watu wanazitafuta mpaka mashambani." Nilifurahi kupita kiasi. Baba hanijui tena. Huniita sista, akidhani mimi ni muuguzi. Nilijiambia kwamba akiiona pikapu atanirudia, hata kwa dakika moja.

Maana, rafiki yangu, pikapu ile ndiyo iliyotulea. Kila Jumamosi tulitoka mjini kurudi dukani kwetu Chepsaita na sabuni, mafuta ya taa na mikate, na mikate ilifika ikinuka mafuta ya taa, tukaila hivyo hivyo. Nyanya, mama yake baba, alikataa katakata kukaa mbele. Huko mbele hakuna habari, alisema. Alikaa nyuma nasi juu ya magunia, pamoja na jirani yeyote tuliyembeba njiani, akipiga umbea huku vumbi likimjaa mdomoni. Jirani akifika kwake, nyanya aligonga paa kwa mkongojo mara mbili, na baba akasimama. Aligonga miaka nenda miaka rudi mpaka paa likabonyea. Baba alinung'unika lakini hakulinyoosha. Nyanya alipokufa, nilimwona baba kila asubuhi akipitisha kiganja juu ya ile mibonyeo kabla ya kuwasha gari.

Basi tukaenda Kimumu. Gari liling'aa kuliko siku liliponunuliwa. Baba alilizunguka polepole, nami moyo ukinidunda. Akainua mkono, akapapasa paa, palepale pa nyanya. Akapapasa tena. Daktari alikuwa ameiziba mibonyeo yote kama mashimo ya meno, kazi safi kabisa, hata mimi sikujua ilikuwa wapi.

"Hii si yetu," baba akasema. "Yetu iko na alama za mama. Twende, sista."

Daktari alitaka kunionyesha viti vipya. Nilimchukia kwa muda, kisha nikakumbuka ni nani aliyemuuzia. Duka lilibomolewa, nyanya yuko kaburini, na alama ambazo baba alizikumbuka kuliko jina langu, zimekwisha. Gari limepona, sisi hatuponi. Nilipogeuka, baba alikuwa anaelekea langoni peke yake, akiburuta viatu.

Nikakunja ngumi, nikagonga lile paa mara mbili, kwa nguvu, kama nyanya.

Hakusimama.