Skrubu Mbili za Komeo

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu kutoka Kisugu, Kampala, nikaambiwa jirani yangu wa zamani ameaga dunia, ini lilishindwa kufanya kazi. Wasomaji wangu hamkumjua. Alikuwa mwanamke wa Kikenya, muuza vitenge, mtu wa kuzunguka miji ya mipakani na kulala nyumba za wageni, na kila alikolala aliandika maoni mafupi mtandaoni, bila jina, kwa ajili ya wanawake wanaosafiri peke yao.

Enzi hizo nilikuwa na kibarua katika chumba kimoja mtaani Kabalagala. Tulisoma maoni ya wageni na kuyatia alama, huyu mwanamume, huyu mwanamke, ili kompyuta ijifunze kubashiri yenyewe na tovuti imwonyeshe kila msomaji maoni ya watu wa jinsia yake kwanza. Wawili kati yetu wakikubaliana, alama inapita. Hakuna wa tatu anayeangalia. Aliyetaja mashuka tulimwita mwanamke, aliyetaja jenereta mwanamume. Hakuna aliyetufundisha hivyo. Siku moja, nikiwa kwake kuchagua kitenge, nilimsimulia kwa majivuno maoni niliyoyapitisha: chumba cha juu, komeo limebakiwa na skrubu mbili, ukilisukuma kwa bega linaachia, na taa ya jenereta haifiki ngazini. Nikasema huyo ni fundi, mwanamume kabisa.

Aliendelea kukunja kitambaa. “Fundi mwenyewe ndiye mimi, ssebo,” akasema, akiniita bwana kwa Kiganda.

“Wewe na skrubu wapi na wapi?”

“Nililala nikizitazama. Wewe ukilala ugenini unatazama nini, dari? Uliyasoma yote?”

“Niliyasoma ya kutosha.”

“Basi kanirekebishie. Wanaume hawana haja nayo.”

Niliahidi. Msimamizi akanijibu kwamba wawili tulishakubaliana na kazi imetumwa. Sikuuliza tena. Miezi michache baadaye muuza vitenge mwenzake alivunjiwa mlango wa chumba kile kile, akaumizwa vibaya. Alikuwa amesoma maoni ya wanawake kabla ya kwenda. Yote yalisifu mashuka. Jirani yangu alinieleza hayo akinimiminia chai kama kawaida.

Kwenye maombi ya kumuaga, msemaji alimsifu kwa upole na mapishi. Tuliitikia sote, nami nikiwamo. Nimejifunza kwa kuchelewa kwamba watu wawili kukubaliana juu ya mtu si ushahidi kwamba hata mmoja wao amemsoma. Jana niliyafungua maoni yake yale. Bado yapo, chini ya alama ya wanaume. Siku ile nilikuwa nimeishia kwenye jenereta. Mstari unaofuata, wa mwisho, unasema: “Dada yangu, wakikupa chumba hiki, sogeza meza mlangoni.”