Swichi ya Wodi ya Wazazi na Jina la Sahra

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka mikono yangu hutafuta kitu cha kushika. Nimeona nikuandikie sasa, kabla hujaizoea kazi, maana aliyezoea haambiliki. Juma hili umekabidhiwa funguo za vyumba vya mtandao, na nimekuona ukipita kwenye varanda na kompyuta kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Nami nilitembea hivyo hivyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipotoka kwetu Mwingi kuja Garissa, kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Kisomali sikukijua hata cha kusalimia. Nilichokijua ni swichi na ruta, vile visanduku vinavyounganisha kompyuta, na nilijiona nakijua hasa. Nilisikia wakisema mgeni njoo mwenyeji apone, nikadhani mgeni anayesemwa ni mimi.

Mkuu wangu alikuwa mzee mmoja mwembamba, Adeer Hassan. Adeer ni baba mdogo kwa Kisomali, na idara nzima ilimwita hivyo, Wasomali na sisi tuliotoka kwingine. Alianzia kwenye mitambo ya simu za waya, akasogea na dunia mpaka kwenye mitandao. Aliniita gabadhay, yaani binti yangu. Mwaka huo alipochukua likizo yake aliniachia kazi moja: kupanga upya swichi ya wodi ya wazazi, ile iliyokaa kwenye kabati la chuma mwisho wa varanda, ili kompyuta za wodi na za maabara ziwe kundi moja na zisikizane. Awali zilikuwa makundi mawili, na daktari wa wazazi hakuweza kuona majibu ya damu mpaka mtu ayabebe kwa karatasi.

Nikaifanya Alhamisi, kwa saa moja tu. Nilibadilisha mipangilio ya matundu kumi na mawili ya kuchomekea kebo, nikajaribu, yakaitikia. Wauguzi walinishangilia. Nikafunga kabati, nikaenda zangu nikiwa mrefu kuliko nilivyokuja.

Jumatatu asubuhi nilikuta wodi imechafuka. Kompyuta za wazazi haziioni maabara. Ndani kulikuwa na mama aliyekuwa akijifungua na kupoteza damu, na majibu ya damu yake yalikuwa yamekwama kwenye mashine upande wa pili wa ua. Muuguzi mmoja ilibidi akimbie kuyafuata kwa miguu. Mama yule alipona, na mtoto akalia, Mungu ashukuriwe. Lakini zile dakika ziliwatisha watu, na watu wakitishika hutafuta wa kumlaumu.

Nilifungua swichi nikakuta matundu yangu yote kumi na mawili yamerudi kwenye mipangilio ya zamani, kana kwamba sikuwahi kufika pale. Nikayapanga tena, kompyuta zikaonana. Kisha nikageuka, nikaona kwenye soketi ya ukutani, kando ya kabati, chaja ya simu.

Chaja hiyo niliambiwa ni ya Sahra. Sahra alikuwa mama wa makamo aliyesafisha varanda ile, mjane wa mtaa wa Iftin, mpole, mwenye tabia ya kupanga ndoo zake kwa ukubwa. Mimi na yeye tulikuwa tukisalimiana kwa kichwa tu. Mkuu wa utawala aliponiuliza kilichotokea, sikusema sijui. Mwanangu, neno hilo "sijui" ni jepesi, lakini siku ile lilinishinda kama gunia la saruji. Nilisema mtu amechezea umeme karibu na kabati na swichi ikavurugika. Akauliza nani. Nikanyosha kidole kwenye chaja.

Sahra aliitwa. Alisimama mlangoni akiwa ameshika mtandio wake chini ya kidevu, akasema kwa Kiswahili chake, "Mimi sikushika hiyo sanduku. Mimi naweka simu tu." Akataka kuongeza kitu, akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshainamia kompyuta yangu. Siku hiyo hiyo aliambiwa asirudi.

Baada ya majuma mawili Adeer Hassan akarudi, na asubuhi yake ya pili kazini shida ikajirudia. Matundu kumi na mawili, vile vile. Na Sahra hakuwepo tena, wala chaja haikuwepo.

Nilianza kuandika amri haraka haraka ili niyarekebishe. Mzee akaweka kiganja chake juu ya meza, karibu na mkono wangu bila kuugusa, akaniomba nisirekebishe chochote bado. Akasema mgonjwa akipewa dawa kabla ya kuulizwa, ugonjwa hujificha. Akavuta kiti. Akanitaka niiulize swichi jambo moja tu: imekuwa macho kwa muda gani?

Niliiuliza. Ikajibu dakika arobaini.

Tulikwenda wote kwa mlinzi wa jenereta, na mzee akamwuliza stima ilipotea saa ngapi. Mlinzi akasema haijatimia saa nzima, ilipotea kidogo mpaka jenereta ikashika. Betri ya akiba iliyopaswa kuibeba swichi ile kwa nafasi hiyo ndogo ilikuwa imekufa, na hakuna aliyeipima. Tukarudi. Adeer akaniambia niifungue mipangilio ambayo swichi huisoma inapoamka, ile ya kudumu. Nikaisoma kutoka juu mpaka chini. Haikuwa na hata mstari wangu mmoja.

Hapo nilielewa. Wewe umeshafundishwa hili, lakini mama yako huenda akaisoma barua hii akiwa begani kwako, basi nimweleze: swichi za namna ile zina kumbukumbu mbili. Unachobadilisha hufanya kazi papo hapo, lakini kiko kwenye kumbukumbu ya muda. Usipoiamuru ihifadhi, umeme ukikatika hufutika chote, na inaamka na yale ya zamani. Nami nilikuwa nimetoka kwenye vifaa vidogo vinavyojihifadhia vyenyewe, sikukumbuka. Alhamisi sikuhifadhi. Jumatatu nilipanga upya, nikanyosha kidole kwa mtu, na sikuhifadhi tena.

Nikayapanga mara ya tatu na kuyahifadhi, ndipo nikamweleza mzee yote, na habari ya Sahra nikaisema mwisho, kwa sauti ya chini. Hakunipigia kelele, na ningetamani angenipigia.

"Gabadhay," akasema, "mashine umeiuliza maswali mengi, na kila ilipokujibu uliiamini. Yule mama ulimwuliza mangapi?"

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Niliandika barua kwa mkuu wa utawala siku ile ile, nikasema kosa ni langu, mwanzo hadi mwisho. Nilitarajia kufukuzwa. Nilipewa onyo la maandishi, na ruhusa ya Sahra kurudi kazini. Nikadhani yameisha. Nilipopeleka habari Iftin, jirani yake alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akasema Sahra ameondoka. Mtaani walikuwa wakimwita mwanamke aliyekaribia kumwua mzazi kwa ajili ya chaji ya simu. Hakuyaweza maneno yale. Alikuwa amekwenda Hadado, huko Wajir, kwa kaka yake mwenye mbuzi.

Nilimwambia Adeer kwamba nitampigia simu kaka yake Sahra. Akasema ruta ya Wajir tunaweza kuitengeneza tukiwa hapa hapa Garissa, lakini mtu uliyemjeruhi hufuatwa kwa miguu. Akaomba siku tatu za ruhusa, zake na zangu.

Tulipanda basi mpaka Wajir, tukalala kwa wakwe wa Adeer, kesho yake tukapata gari la kwenda Hadado. Njia nzima nilipanga maneno. Mzee hakunisaidia hata moja. Tulimkuta Sahra kisimani akinywesha mbuzi, mtandio umejaa vumbi, na aliponiona hakuonyesha hasira. Alimpa ndoo mwanamke mwenzake, akatuongoza kivulini mwa nyumba ya kaka yake, akatuletea chai ya maziwa ya ngamia. Unajua, mwanangu, hakuna kinywaji kigumu kumeza kama chai ya mtu uliyemdhulumu.

Maneno yangu yote yalipotea. Nilisema tu, "Mama Sahra, swichi niliiharibu mimi. Wewe hukufanya lolote. Nilikusingizia, na nimekuja kukuomba msamaha."

Alizungusha kikombe chake. Kisha akasema, "Mimi nilijua."

Akaeleza polepole, na pale Kiswahili kilipomkwamia alimgeukia Adeer. Alikuwa akiifagia varanda ile kila siku, akayaona yote. "Kila stima ikienda, taa ya hiyo sanduku inakufa yote," akasema. "Halafu inarudi rangi ya machungwa, halafu kijani. Jumatatu ile, baada ya hiyo ndio watu ya maabara walianza kubiga kelele. Siku ile nilitaka kukuambia. Lakini wewe ulikuwa unaangalia kombyuta."

Nililia, sikuficha. Jibu nililolitafuta siku zote zile lilikuwa limesimama mlangoni likishika mtandio, nami nililifukuza kazi. Na chaja ile? Simu haikuwa hata yake. Ilikuwa ya mama mmoja aliyeletwa kutoka mbali kujifungua, na mumewe alikuwa malishoni na ngamia. Sahra alikuwa akimchajia ili mume akipiga ampate.

Nilimwambia kazi yake ipo, barua ya kumsafisha ipo. Akaichukua barua, hakuisoma, akaikunja. Akasema karatasi itakaa ofisini, lakini maneno yako Iftin. Wazee wa Kisomali, akasema, walishanena kwamba uongo ukishatoroka ukweli hauufikii kwa mbio.

"Ulinisema mbele ya watu," akaniambia. "Nisafishe mbele ya watu. Hiyo tu."

Hakutaka kingine. Tulirudi naye Garissa. Jumamosi baada ya sala ya alasiri wanawake wa mtaa walikusanyika kwenye ua wa yule jirani aliyenitazama viatu. Walikuwa kama ishirini, wengine na watoto mgongoni. Adeer alibaki nje ya lango na wanaume. Nilisimama, msichana wa Kikamba nisiyejua lugha yao, nikaeleza kosa langu mstari kwa mstari, na binti wa jirani akatafsiri. Nilipofika kwenye habari ya kuhifadhi, mwanamke mmoja mzee aliuliza ikiwa ni kama mtu aliyepika akasahau kufunika, paka akala, kisha yule mpishi akampiga mtoto. Nikasema ndiyo, ni hivyo hasa. Wakacheka. Sahra naye akacheka, akifunika mdomo, na hapo ndipo nilipojua kwamba amepumua.

Alirudi kazini baada ya mvua. Sitakudanganya kwamba tulikuwa marafiki kesho yake. Ilichukua muda. Lakini kila mtandao ulipoanguka upande ule, kabla sijafungua kompyuta nilikwenda kwanza kumwuliza ameona nini, naye aliniambia, hata siku ambazo alikuwa hajaona kitu. Alifanya kazi mpaka magoti yakamkatalia. Mwanawe alipoolewa nilikaa upande wa familia.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, ishike. Kifaa kikiharibika, usianze kwa kukirekebisha. Anza kwa kuuliza nini kimebadilika tangu kilipokuwa kizima, na wa kwanza kumwuliza awe wewe mwenyewe. Mwamba ngoma huvutia kwake, na fundi naye hupenda kosa liwe la mwingine. Badilisha jambo moja, lijaribu, lihifadhi, liandike, ndipo uguse la pili. Ukiona umekitengeneza lakini hujui kilichokiharibu, hujakitengeneza. Umekibembeleza tu kilale. Pima betri zako. Na pale usipojua, sema sijui. Haitakuvunjia heshima. Kuna watu watakaoiamini kauli yako kwa sababu tu wewe ndiwe unayeelewa mashine, na hiyo ni amana nzito. Kebo iliyokatika nitakupa nyingine leo leo. Jina la mtu ukilikata, utalifuata kwa miguu mpaka Hadado, na huenda usilikute.

Na watu wanaofagia vyumba vyetu, wanaolinda malango, wanaobeba maji, wasalimie kwa majina. Si kwa sababu siku moja watakupa jibu, ingawa watakupa. Wasalimie kwa sababu wapo.

Nenda, mwanangu. Mungu aliyenivumilia mimi akuvumilie nawe. Akupe macho ya kuona kosa lako mapema, ulimi mzito wa kulaumu na mwepesi wa kukiri, na wakubwa watakaokukemea kwa upole kama nilivyokemewa. Na kwa lugha ya mji huu ulionilea nikiwa mtu mzima, Alle ha ku barakeeyo, Mwenyezi Mungu akubariki, wewe na kazi ya mikono yako.